Sura ya Sita: Aliyekalia Kifua

Gasenyi iko kaskazini mwa Bujumbura, katika komine ya Ntahangwa, pale mji unapoacha kuwa tambarare na kuanza kupanda kuelekea milimani. Wageni siku hizi wanaijua kwa sababu ya Ikulu ya Ntare Rushatsi, jumba lililojengwa na Wachina na kukabidhiwa kwa serikali Februari 2019. Wenyeji wanaijua kwa makorongo yake, ambayo mvua ikinyesha huko juu hugeuka mito bila kupiga hodi. Na kama mitaa mingine yote ya mji huu, usiku wake una wakazi wasiolipa kodi.

Mmoja wao ndiye mwenye sura hii. Unaamka, au unadhani umeamka. Chumba ni chako, chandarua ni chako, mwanga wa taa ya jirani unapenya chini ya mlango palepale unapopenya kila siku. Lakini mkono haunyanyuki, ulimi haugeuki, na kuna mtu chumbani. Humwoni sawasawa, unajua tu kwamba yupo na kwamba hakuja kwa wema. Anasogea, anapanda kitandani, anakukalia kifua. Pumzi inakuwa fupi. Unataka kusoma dua, au kulitaja jina la Yesu, na sauti haitoki. Dakika moja, pengine mbili, halafu kidole kimoja kinacheza na mwili wote unaachiliwa kwa mkupuo. Huyo ndiye jinamizi, na wewe umekabwa.

Nani huyo? Jibu linategemea unamuuliza nani, na Bujumbura kuna wengi wa kuulizwa.

Mzee wa Kirundi aliyekulia milimani angekuambia ni umuzimu: marehemu wa ukoo mwenye kinyongo, aliyesahauliwa, anayedai haki yake. Imizimu haikuja bila sababu. Mtu alikwenda kwa umupfumu, mpiga ramli, akaambiwa ni babu yupi au shangazi yupi aliyekasirika na anataka nini. Aghalabu alitaka pombe ya mtama, na watu wa kuinywa kwa kumkumbuka. Juu ya roho hizo zote alikuwapo Kiranga, mkubwa wao, ambaye wafuasi wake walimwendea katika ibada ya kubandwa ili awe mpatanishi wao mbele ya Imana, Mungu muumba. Mapadri Weupe walipofungua misheni ya Muyaga mwaka 1898, hawakuwa na nafasi ya Kiranga katika mafundisho yao ila upande wa shetani. Tangu hapo anayekuja usiku akaanza kupoteza ukoo wake. Jana alikuwa babu mwenye njaa. Leo ni pepo mchafu, na pepo mchafu hapewi pombe, anafukuzwa. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu mapadri, walifanya walichotumwa. Nasema tu kwamba familia nyingi zilibadilishiwa mdai na njia ya kulipa deni, na deni lenyewe likabaki palepale.

Shuka sasa mpaka Buyenzi, mtaa ulio moyo wa Uswahili wa Bujumbura, ambao misikiti yake na karakana zake za magari zinajulikana mji mzima. Hapo jibu ni jini au shetani, na dawa inajulikana tangu chuoni. Ukilala, soma Ayatul Kursiyyu. Ukiota ndoto mbaya, omba kinga kwa Mwenyezi Mungu, tema mate kidogo kushotoni mara tatu, geuka ulalie ubavu mwingine, na usimsimulie mtu. Adabu hizi zimo katika hadithi sahihi, na nitazirudia mbili za mwisho, kwa sababu kila moja ina mambo yake. Hapa niseme kwamba si kila Mwislamu wa zamani aliona jini katika jambo hili. Al-Akhawayni wa Bukhara, tabibu wa karne ya 10, aliliandika chini ya jina kabusi na kulieleza kwa mvuke unaopanda kutoka tumboni kwenda kwenye ubongo. Ibn Sina naye alilihesabu kuwa ugonjwa, tena akaonya kwamba likizidi laweza kuwa dalili ya kifafa kinachokuja. Mvuke hakuna, lakini swali lao lilikuwa la kitabibu miaka 1,000 iliyopita, wakati Ulaya ilikuwa bado inamtafuta pepo mwanamume anayewalalia wanawake.

Kwenye vyumba vya maombi vya walokole utakutana na pepo huyohuyo wa Ulaya, amebadilisha nguo tu. Anaitwa mume wa usiku, au mke wa usiku kwa wanaume, na mahubiri juu yake yanasikika Kinshasa na Abidjan kama yanavyosikika hapa. Dada ambaye posa zimekawia, au aliyeolewa na hapati mtoto, huambiwa ameshaolewa kule upande mwingine na mumewe huyo ana wivu. Maelezo haya siyapendi. Mzimu alimfanya mtu kuwa mdaiwa, jini lilimfanya kuwa aliyevamiwa. Mume wa usiku anamfanya kuwa mshirika, tena wa kitandani, na anayetoka kwenye maombi hayo hutoka na aibu juu ya hofu aliyoingia nayo.

Sasa tuingie ndani ya kichwa. Mwaka 1953 huko Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba usingizi una kipindi ambamo macho hukimbia huku na huku chini ya kope, na kwamba mtu akiamshwa katika kipindi hicho mara nyingi husimulia ndoto. Kipindi hicho hurudi takriban kila dakika 90, na kadiri alfajiri inavyokaribia ndivyo kinavyorefuka. Miaka michache baadaye Mfaransa Michel Jouvet, akichunguza paka kule Lyon, alionyesha kwamba katika kipindi hicho misuli ya mwili hulegezwa kabisa. Ubongo unaota unakimbia, na shina la ubongo linaizuia miguu isikimbie kweli. Ni ulinzi, maana bila kizuizi hicho tungeamka tumempiga ngumi aliyelala pembeni.

Kukabwa hutokea ubongo unapoamka kabla kizuizi hakijaondolewa. Macho yamefunguka, chumba kinaonekana, mwili bado umefungwa, na vipande vya ndoto vinaendelea kumwagika ndani ya chumba halisi. Uzito wa kifuani nao una chanzo chake. Katika usingizi wa ndoto misuli ya katikati ya mbavu hulegea pamoja na mingine, na pumzi inabaki kazi ya kiwambo peke yake, ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Kwa aliyelala inatosha. Kwa aliyeamka na kushikwa na hofu, akataka kuvuta pumzi ndefu, kifua kinakataa kupanuka, na ubongo unatoa hukumu ya haraka kwamba kuna kitu kimekikalia. Hata yule mtu wa pembeni ana asili yake. Mwaka 2006 madaktari wa Uswisi walimpa mgonjwa mmoja mkondo mdogo wa umeme kwenye sehemu ya ubongo wa kushoto iliyo juu ya sikio, inayosaidia kutambua mwili wako uko wapi, naye akahisi mtu wa kivuli amelala nyuma yake akiiga mkao wake.

Mapitio ya tafiti 35, zilizohusu watu zaidi ya 36,000, yalichapishwa mwaka 2011: karibu asilimia 8 ya watu wa kawaida waliwahi kukabwa angalau mara moja maishani, na kwa wanafunzi ikawa asilimia 28. Wanafunzi wanalala vibaya, hilo halihitaji utafiti. Kukosa usingizi, saa za kulala zisizo na mpangilio, hofu, na hasa kulala chali, vyote humwita jinamizi. Na hapo ndipo ile adabu ya kugeuka ubavu inapopata mashahidi wasiotarajiwa.

Basi kama mwili ni mmoja, kwa nini mgeni anabadilika sura kutoka mji hadi mji? Huko Newfoundland, Kanada, mtafiti David Hufford alikuta watu wakisimulia ajuza anayekalia vifua. Kitabu chake cha mwaka 1982 ndicho kilichowalazimisha wasomi kukiri kwamba watu hawa hawasimulii ngano waliyoisikia, wanasimulia kilichowapata. Wayoruba wa Nigeria wana vita vya usiku, ogun oru. Wajapani husema wamefungwa kwa chuma. Mwili unaleta uzito, kivuli na kimya. Jina, nia na madai vinaletwa na mji.

Nenda Pemba uone jambo hilo likifika ukingoni. Februari 1995, ndani ya Ramadhani, watu walianza kusema kwamba Popobawa amerudi. Alikuwa ameshasikika kisiwani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, na tena katika miaka ya 1970. Aliingia nyumba za watu usiku, wakashindwa kusogea wala kupiga kelele, akawakandamiza. Harufu mbaya ilitangulia au ilibaki nyuma. Kilichotia watu hofu kuliko yote ni kwamba alisemekana kuwaingilia waume kwa wake bila kuchagua. Hofu ilivuka hadi Unguja, kisha hadi Dar es Salaam. Familia zilihama vyumba, zikalala nje, wake kwa waume na watoto wamekusanyika kuzunguka moto, wakikesha kwa zamu.

Popobawa alikuwa na sharti lake, na sijapata kusikia jini mwingine wa eneo hili mwenye sharti kama hilo: aliyevamiwa lazima aseme. Akificha, atarudiwa. Sharti hilo linapingana uso kwa uso na adabu ya chuoni, inayomtaka mtu asiisimulie ndoto mbaya. Adabu ile inaizima hofu ndani ya kichwa kimoja. Sharti la Popobawa linaitawanya, kila anayesimulia anampa jirani sababu ya kulala kwa wasiwasi, na anayelala kwa wasiwasi, akishtukashtuka, juu ya jamvi geni, ndiye hasa anayekabwa. Ukitaka kubuni mtambo wa kuzalisha majinamizi huwezi kubuni bora kuliko kijiji kizima kinacholala nusu nusu kikimsubiri.

Lakini nisizidishe ujuaji. Martin Walsh, mwanaanthropolojia aliyeandika kwa kina juu ya kadhia ile, alieleza pia siasa zake. Zanzibar ilikuwa inaelekea uchaguzi wa Oktoba 1995, wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, ule ambao Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya Seif Sharif Hamad wa CUF. Popobawa akapewa kadi ya chama: wengine walisema ametumwa na watawala kuwatisha Wapemba, wengine wakasema kinyume chake. Katrina Daly Thompson, katika kitabu chake cha mwaka 2017, aliongeza jambo ambalo vyombo vya habari vya nje vililikosa kwa kukimbilia vichwa vya habari vya ngono: watu walimcheka sana. Popobawa aliwapa mabaraza ruhusa ya kutania na kuzungumza mambo ya faragha ambayo siku nyingine yangefunikwa. Hofu na kicheko vililala kwenye jamvi moja.

Ila kicheko hakikumfikia kila mtu. Katika msimu huohuo mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu mjini Zanzibar, kwa kudhaniwa kuwa Popobawa. Kwangu hilo ndilo tukio kubwa la mwaka ule wa Popobawa, kuliko harufu, kuliko mbawa, kuliko kadi za vyama. Jini lisiloshikika lilipata mwili wa kushikika.

Jinamizi anaweza kuua kwa njia nyingine pia. Kuanzia mwaka 1977, vijana wa Kihmong waliokimbia vita vya Laos na kupokewa Marekani walianza kufa usingizini, wazima wa afya, zaidi ya 100 katika miaka iliyofuata. Baadaye madaktari walitambua kasoro ya kurithi ya umeme wa moyo, iliyoelezwa na ndugu wa familia ya Brugada mwaka 1992, inayowapata zaidi watu wa Asia ya Kusini Mashariki. Lakini mtafiti Shelley Adler aliyewahoji Wahmong aliona jambo la pili. Kwao pepo wa usiku alijulikana, na mizimu ya ukoo ndiyo iliyokuwa ngao. Ugenini walimbeba pepo, wakaziacha ngao: mganga hayupo, matambiko hayafanyiki, waliobatizwa wamekatazwa. Hofu isiyo na pa kwenda iliangukia kwenye moyo uliokwisha kuwa dhaifu. Nikisoma habari zao huwa naikumbuka Muyaga.

Rudi Bujumbura. Hapa usiku umekuwa na wageni ambao hawakuhitaji ubongo kuwabuni. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na vita vilivyofuata, vilivyoendelea hata baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, vinakadiriwa kuua watu 300,000. Kwa miaka mingi kelele za usiku katika mitaa ya kaskazini zilikuwa taarifa ya kusikilizwa kwa makini: ziko umbali gani, zinakuja au zinakwenda. Mwaka 2015 milio ya risasi ilirudi usiku Cibitoke, Mutakura na Ngagara. Katikati ya hayo, usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, maji yalishuka kutoka milimani kuingia kaskazini mwa mji watu wakiwa wamelala. Waliokufa walizidi 50. Mtu aliyejifunza hivyo kulala hubaki na sikio moja macho. Watabibu wanajua kwamba waliopitia ukatili hukabwa mara nyingi kuliko wengine, na sababu haiko mbali: usingizi wao umekatikakatika, na king'ora cha hatari kichwani hakijazimwa. Kule Rwanda, Athanase Hagengimana na Devon Hinton waliandika juu ya ihahamuka, hali ya manusura ambayo ndani yake kubanwa pumzi kuna nafasi kubwa. Hapa kwetu, anayezidiwa huweza kupelekwa kwenye kituo cha wagonjwa wa akili cha Kamenge, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo, jirani tu na Gasenyi.

Daktari atamwambia ni usingizi, na atakuwa amesema kweli. Ila hatakuwa amejibu kwa nini aliyesimama mlangoni ana koti la kaka yake. Wengi wa marehemu wa nchi hii hawakuzikwa na watu wao. Februari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kwamba makaburi sita ya pamoja yaliyofukuliwa Karuzi yametoa mabaki ya watu 6,032, na katika vilivyokutwa humo mlikuwa na nguo, miwani na rozari ambazo ndugu wangeweza kuzitambua. Miaka zaidi ya 50 imepita tangu mauaji ya 1972, ambayo makaburi hayo yanahusishwa nayo. Umuzimu wa zamani alikuwa na kaburi na aliijua njia ya nyumbani. Hawa hawakuachiwa hata hilo, na sijui umupfumu gani angethubutu kutaja kiasi cha mtama.

Kuna jibu moja nimeliacha mpaka sasa, na ndilo linalosikika haraka kuliko yote: barandoze, wameniroga. Umurozi, mchawi wa Kirundi, si mzimu wala jini. Ni mtu. Anakula mezani, ana shamba linalopakana na la mtu, ana madeni na wivu na wajukuu. Usukumani, ng'ambo ya mpaka huko Tanzania, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, ambayo moshi wa samadi jikoni ulitosha kuyaeleza. Burundi nayo, habari za mtu aliyeshambuliwa na wanakijiji kwa tuhuma za uchawi hazijawa ngeni mikoani.

Wasomi wetu hupenda kuwacheka wanaoamini imizimu na majini, wakidhani wanachekelea ujinga uleule mmoja. Si mmoja. Anayemtupia babu lawama ya usiku wake amemtafuta mshtakiwa asiyeweza kuchomewa nyumba. Ustaarabu wa zamani ulijenga akili hiyo kwa muda mrefu, pamoja na ramli zake, pombe zake na visomo vyake, na tunaubomoa bila kuuliza hofu itahamia wapi. Mtu aliyekabwa saa tisa usiku haanzii Kamenge. Anaanzia kwa mchungaji, kwa shehe, kwa umupfumu, na huko anauliza neno moja tu: nani? Akiambiwa ni marehemu, ukoo utaitwa na pombe itapikwa. Akiambiwa ni jini, atasomewa na kupewa maji ya kunywa. Akitajiwa mama wa nyumba ya tatu, ameshapewa anwani.